Boulder, Brussels au Hermanus: utabiri upi wa jua usome ukiwa Kisumu au Nakuru

Jioni moja mwishoni mwa Septemba tulikuwa tunapima shamba la familia moja upande wa Ahero, tumebakiza bikoni mbili, yaani alama za mpaka. Kikao chao cha kugawana kilikuwa kesho yake asubuhi, kwa hiyo giza lilipoingia hatukufunga vifaa. Tuliwasha tochi tukaendelea. Ilipokaribia saa mbili usiku, kijana anayenisaidia akaniita: "Bosi, rova imekataa kufiksi. Inasema floti tu." Rova ni kipokezi cha setilaiti tunachotembea nacho; ikifiksi imepata mahali kwa usahihi wa sentimita, ikisema floti bado inakisia. Nikasogea nikatazama skrini. Setilaiti zilikuwa za kutosha, anga safi, mti hakuna, besi, kile kipokezi kinachokaa mahali pamoja, iko mita mia nne tu na betri yake imejaa. Ila zile nguzo zinazoonyesha nguvu ya mawimbi zilikuwa zikipanda na kushuka, hii inazama, ile inaibuka, halafu tatu zinapotea kwa mpigo. Mzee mwenye shamba alikuwa ameketi kando akitungoja. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mashine imechoka?"

Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimesoma utabiri wa jua: Kp, kipimo cha mtikisiko wa sumaku ya dunia, ni 2, hali tulivu, hakuna dhoruba. Tulirudi asubuhi saa moja, na kwenye bikoni ile ile rova ikafiksi kabla kijana hajamaliza kusimamisha fimbo wima.

Utabiri ule ulikuwa sahihi. Kp kweli ilikaa 2 usiku mzima. Nilichokuwa nimekosea ni kuuliza Kp jambo ambalo Kp haijui. Ndiyo maana nimeandika ulinganisho huu kwa wenzangu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Busia na kwingineko huku magharibi: wapima ardhi, warusha droni za kunyunyiza dawa, watu wa redio za masafa mafupi, walimu wa fizikia. Taarifa za kila siku za jua na sumaku ya dunia ni za bure na ziko nyingi, lakini kila moja imeandikwa kwa macho ya mahali ilikotoka.

Tunapima kwa vigezo gani

Nimezipima zote kwa mambo manne. Kwanza saa: inatoka lini kwa saa zetu, na inatabiri kwa vipande vya muda gani? Pili, inasema nini hasa: namba, asilimia, au maelezo ya maneno? Tatu, inaliona anga la ikweta kwa kiasi gani? Hiki ndicho kigezo ninachokipa uzito zaidi, na nitakieleza kwa kirefu. Nne, inamfaa nani. Suala la bando si kigezo cha kutenganisha, kwa sababu nyingi zina toleo la maandishi matupu lisilofikia hata uzito wa picha moja ya WhatsApp.

Kuhusu saa, Waswahili tuna bahati. Taarifa hizi zote hutumia UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Lakini saa ya Kiswahili nayo iko nyuma ya saa ya Kizungu kwa sita, kwa hiyo hesabu inakuwa nyepesi: toa tatu. Ukiona 12:30 UTC, kwetu ni saa tisa na nusu alasiri. 15:00 UTC ni saa kumi na mbili jioni. 18:00 UTC, ukitoa tatu unabaki na kumi na tano, yaani saa tatu usiku. Ukizoea siku mbili hutahitaji tena kikokotoo.

Kp inapimwa wapi, na kwa nini hilo linatuhusu

Kp ni namba ya 0 hadi 9 inayoeleza sumaku ya dunia imetikisika kiasi gani katika kila saa tatu. Aliyeianzisha ni Mjerumani Julius Bartels mwaka 1949, na leo inatolewa na kituo cha GFZ kilichoko Potsdam, Ujerumani. Inatokana na vituo 13 vya kupimia sumaku. Kumi na kimoja viko Ulaya na Amerika Kaskazini, kimoja Australia, kimoja New Zealand. Afrika hakuna hata kimoja.

Si kosa la waliovichagua. Walitaka vituo vilivyo mbali na ncha za dunia na mbali na ikweta pia, kwa sababu sehemu hizo mbili zina tabia zake zinazochafua hesabu. Sasa sisi tunaishi ndani ya mojawapo ya sehemu hizo walizozikwepa. Ikweta ya sumaku haipiti Maseno kama ile ya jiografia. Inapita Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Kisumu iko takriban kilomita 1,000 kusini yake. Mchana, jua linapopasha tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, yaani ionosfia, chembe hizo huinuliwa juu ya ikweta ya sumaku kisha huteremka pande zote mbili, kaskazini na kusini, na kurundikana. Lundo la kusini huangukia upande wa Tanzania. Sisi tuko katikati, kwenye mteremko.

Jua likizama, mambo yanageuka haraka. Sehemu ya chini ya tabaka hilo hupotea, ya juu hubaki nzito na huinuliwa tena kabla ya kutulia. Kitu kizito kikikaa juu ya chepesi, chepesi hutafuta njia ya kupanda. Umeona uji unavyochemka, povu linapanda kutoka chini na kupasua juu? Ndivyo ionosfia yetu inavyofanya kati ya saa moja jioni na usiku wa manane, isipokuwa povu moja la huko huweza kuwa na upana wa makumi ya kilomita. Mawimbi ya setilaiti yakipita ndani yake humetameta, kama nyota inavyometameta tukiitazama kwa macho. Rova haipendi kabisa kumetameta huko. Inapoteza hesabu ya mawimbi, fiksi inakuwa floti, na floti haichori mpaka wa shamba la mtu.

Mapovu haya huja zaidi Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, na huwa makali katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Hayangoji dhoruba. Kuna hata siku ambapo dhoruba ya sumaku huyazuia, na siku nyingine huyachochea, kutegemea imefika saa ngapi. Kwa hiyo Kp 2 haikuahidi jioni njema, na Kp 6 haikuhukumu jioni mbaya. Shika hilo tunapoingia kwenye taarifa zenyewe.

Boulder: kituo cha Marekani

Hiki ni kituo cha utabiri wa hali ya anga za juu cha NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na anga, kilichoko Boulder, Colorado. Wengi wetu huanzia hapa, na hata programu nyingi za simu za droni zinazoonyesha Kp huchota takwimu zake huku.

Saa zake: utabiri wa siku tatu hutoka 00:30 na 12:30 UTC. Toa tatu, unapata saa tisa na nusu usiku na saa tisa na nusu alasiri. Maana yake ukiamka asubuhi kuna toleo bichi linakungoja, na kabla ya jioni kuna lingine. Jedwali lake lina safu nane za saa tatu tatu kwa kila siku, na kwa mtu wa kazi za nje hilo ni jambo kubwa. Safu ya 06–09 UTC ni saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Safu ya 15–18 ni saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, ile ile iliyotusumbua Ahero.

Inachosema: imejengwa juu ya vipimo vitatu vya herufi. G ni dhoruba ya sumaku, S ni chembe zenye nguvu zinazorushwa na jua, R ni kuzimika kwa redio, na kila kimoja hupanda kutoka 1 hadi 5. G1 ni Kp 5, G5 ni Kp 9. R1 huanza mwako wa jua, yaani mlipuko wa mwanga, ukifika daraja la M1, R3 ukifika X1 (M ni miwako ya kati, X ni mikubwa kabisa). Kwa G wanakupa Kp yenyewe kwa kila safu. Kwa R na S wanakupa asilimia ya uwezekano kwa siku nzima. Kuna pia maelezo ya maneno ya mtabiri wa zamu, na kila Jumatatu kuna mtazamo wa siku 27, kwa kuwa jua likitazamwa kutoka duniani hujizungusha kwa takriban siku hizo, na sehemu yake iliyotuchafulia mwezi huu huweza kurudi mwezi ujao.

Anga letu: jedwali la siku tatu haliligusi moja kwa moja. Ila kuna mambo mawili yao yanayotufaa sana. La kwanza ni ramani ya D-RAP inayoonyesha ni sehemu gani ya dunia redio za masafa mafupi zinamezwa wakati huo, na mchana Afrika Mashariki huonekana wazi. La pili ni namba ya F10.7 ndani ya mtazamo wa siku 27. Hiyo ni nguvu ya redio ya jua katika urefu wa wimbi wa sentimita 10.7, hupimwa kila siku Penticton, Kanada, na ndiyo kipimo kizuri cha kukisia jioni zetu. Jua likiwa limelala, kama 2019, namba hiyo hukaa karibu na 70. Mwaka 2024 siku nyingi ilipita 200. Ikiwa juu na mwezi ni Oktoba, usipange kazi ya fiksi baada ya machweo hata kama Kp ni sifuri.

Inamfaa mtu anayetaka namba kwa saa, anayetaka kujua dhoruba itaingia mchana au usiku. Inamchosha mtu anayetaka kuelewa kwa nini, kwa sababu maelezo yake ya maneno yamejaa vifupisho.

Brussels: waangalizi wa madoa

Kituo cha SIDC kiko katika Kituo cha Kifalme cha Uangalizi wa Anga cha Ubelgiji, mjini Brussels. Ndicho kinachotunza hesabu rasmi ya madoa ya jua kwa dunia nzima tangu 1981, kazi iliyorithiwa kutoka Zurich na iliyoanzishwa na Rudolf Wolf katika karne ya 19. Wao wamekaa na jua muda mrefu, na maandishi yao yanaonyesha hivyo.

Saa zake: taarifa ya kila siku hutoka 12:30 UTC, saa tisa na nusu alasiri. Mara moja tu. Kwa mtu wa shambani hiyo ni taarifa ya kupangia kesho. Leo yako imeshapita nusu.

Inachosema: aya fupi fupi, kila moja na jambo lake. Makundi ya madoa yaliyoko upande unaotutazama na ni lipi lenye hasira. Mawingu ya gesi yenye sumaku yaliyotupwa na jua na kama yanakuja kwetu. Matundu ya korona, yaani sehemu za anga la nje la jua ambako upepo wake hutoka kwa kasi. Upepo wa jua una kasi gani. Sumaku ya dunia ilikuwaje katika saa 24 zilizopita na itakuwaje. Halafu chini, namba za siku tatu za F10.7 na Ap, ambayo ni Kp iliyogeuzwa kuwa wastani wa siku. Ukijiandikisha inakuja kwa barua pepe, na jua likilipuka ghafla wanatuma ujumbe wa dharura bila kungoja saa tisa na nusu.

Anga letu: wanaeleza chanzo, yaani jua lenyewe, na chanzo ni kimoja kwa wote. Athari za ikweta hawaziandiki katika taarifa ya kila siku. Lakini namba yao ya F10.7 ya kesho na kesho kutwa iko wazi, huhitaji kuchimba.

Inamfaa mwalimu, mwanafunzi, mtu wa redio anayependa kufuatilia kundi la madoa tangu linapochomoza upande mmoja wa jua hadi linapotokomea upande wa pili. Nimejifunza zaidi kwa miezi sita ya kusoma aya hizi kuliko kwa miaka ya kutazama rangi ya kijani na nyekundu kwenye simu. Anayetaka kujua kama saa nane mchana atapata fiksi atatoka hapa bado ana kiu.

Hermanus: jirani wa kusini

Shirika la anga la Afrika Kusini, SANSA, lina kituo chake Hermanus, mji wa pwani karibu na Cape Town. Vipimo vya sumaku vilihamia hapo mwaka 1941 kwa sababu treni za umeme za Cape Town zilikuwa zikivuruga usomaji. Novemba 2022 kilifunguliwa rasmi kama kituo cha kufanya kazi saa 24, na ndicho kituo cha kikanda kinachohudumia usafiri wa ndege kwa masuala haya barani Afrika.

Saa zake: Hermanus iko saa moja tu nyuma yetu. Hilo linaonekana dogo lakini si dogo. Jua likiwa juu yao, liko juu yetu pia. Mwako unaozima redio zao mchana unazima na zetu, na mtu wa zamu huko analiona tatizo akiwa ndani yake.

Inachosema: hali ya sasa na utabiri, kiashirio cha K cha Hermanus penyewe (kama Kp, ila cha kituo kimoja), na msaada wa kuchagua masafa ya redio. Hermanus pia ni kimojawapo cha vituo vinne vinavyotengeneza kipimo kingine kiitwacho Dst, kinachoonyesha sumaku ya dunia imedhoofika kiasi gani wakati wa dhoruba, pamoja na Kakioka cha Japani, Honolulu na San Juan. Dst hutolewa Kyoto, na ni kipimo ninachokipenda kwa watu wa huku, maana vituo vyake viko karibu na ikweta kuliko vile vya Kp. Katika dhoruba ya Mei 2024 Dst ilishuka chini ya nanotesla -400 (nanotesla ni kizio cha nguvu ya sumaku).

Anga letu: hapa lazima niseme kwa haki pande zote mbili. Kati ya vituo hivi ndicho kilicho Afrika na kinachoandika kikiifikiria Afrika. Lakini Hermanus iko zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Kisumu, kusini kabisa, nje ya ukanda wa mapovu ya jioni. K yao ikitulia, ionosfia ya Nyanza inaweza kuwa inachemka.

Inamfaa mtu wa redio ya masafa mafupi anayezungumza ndani ya bara hili, na mtu wa usafiri wa anga. Kwa savea ni ya kusoma pamoja na nyingine.

Exeter, kwa kifupi

Met Office ya Uingereza nayo ina kituo cha saa 24 Exeter tangu 2014. Uzuri wake ni kwamba utabiri unafika siku nne, kwa asilimia za kila daraja. Maelezo yake mengi ni kwa ajili ya Uingereza, hasa nuru za kaskazini. Kama unapanga kazi ya wiki na unataka maoni ya pili dhidi ya Boulder, isome. Zaidi ya hapo sioni cha kuongeza kwa msomaji wa Nakuru.

Miwako miwili, saa mbili tofauti

Mfano huu unaonyesha kwa nini kichwa cha habari hakitoshi. Tarehe 14 Mei 2024 jua lilitoa mwako wa X8.7. Tarehe 3 Oktoba 2024 likatoa wa X9.0. Kwa namba ni karibu mapacha, na vyombo vya habari viliiandika kwa sauti ile ile.

Wa Mei ulifika kilele 16:51 UTC. Toa tatu: saa moja na dakika hamsini na moja usiku. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya ziwa kwa zaidi ya saa nzima. Miale ya mwako husafiri moja kwa moja na hugonga upande wa dunia ulio mchana tu, kwa hiyo upande wetu ulikuwa kivulini. Wa Oktoba ulifika kilele 12:18 UTC, saa tisa na dakika kumi na nane alasiri. Sisi tulikuwa juani. Redio za masafa mafupi upande huu wa dunia zilikuwa ndani ya eneo la R3, na masafa ya chini ndiyo humezwa kwanza.

Mwako hauna onyo. Mwanga wake unafika kwa dakika nane, sawa na habari yake. Ndiyo maana kituo chochote, cha Boulder au Brussels, hukupa asilimia tu kwa R. Wingu la sumaku ni jambo jingine: huchukua kati ya nusu siku na kitu hadi siku kadhaa njiani, na hapo ndipo utabiri hung'aa. Kabla ya dhoruba ya tarehe 10 Mei 2024 Boulder walitoa tahadhari ya G4, ya kwanza tangu Januari 2005. Ikaja G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Walisema kubwa inakuja, na ikaja kubwa kuliko walivyosema. Kule Marekani wakulima waliokuwa wakipanda kwa trekta zinazoongozwa na GPS walilazimika kusimama.

Kwa hali yako

Kama unapima mashamba au barabara: asubuhi soma jedwali la Boulder kwa safu zako za mchana. Kp chini ya 5 mchana, endelea na kazi. Kwa jioni, weka Kp kando, tazama F10.7 ya Brussels na kalenda ya ukutani. Namba ikiwa juu na ni Machi, Aprili, Septemba au Oktoba, vuna pointi zako zote kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Kama ni lazima ufanye usiku, acha besi na rova zirekodi kwa muda mrefu kisha uchakate ofisini, na ukague nguzo za nguvu ya mawimbi kila dakika chache.

Kama unarusha droni ya kunyunyiza dawa upande wa Njoro au Molo: kazi yako ni ya asubuhi na mapema kwa sababu ya upepo, na asubuhi ndiyo saa ambayo ionosfia yetu imetulia zaidi. Jedwali la Boulder linakutosha. Programu ikikuonyesha Kp 4 na kukutisha kwa rangi ya njano, kumbuka namba hiyo imetoka wapi. Kagua idadi ya setilaiti na uthabiti wa droni ikiwa mita mbili kutoka ardhini kabla ya kuituma mbali.

Kama una redio ya masafa mafupi, iwe ya ridhaa au ya shirika lenye vituo vya mbali: fuata Hermanus kwa masafa ya ndani ya Afrika, na uwe na ramani ya D-RAP tayari kwa mchana. Redio ikizimika ghafla saa saba mchana usianze kufungua antena. Tazama ramani, ngoja, au panda masafa ya juu. Mara nyingi hupona ndani ya saa moja au mbili.

Kama unafundisha: Brussels. Wape wanafunzi aya moja ya madoa kila alasiri kwa siku 27, wachore makundi kwenye duara la karatasi. Kundi la kwanza walilolichora likirudi upande ule ule, watakuwa wameona jua likizunguka bila kuambiwa na mtu. Jua lisitazamwe kwa macho matupu hata mara moja. Picha za kila siku ziko kwenye tovuti hiyo hiyo.

Kama umepokea ujumbe kwenye kikundi cha familia unaosema zima simu usiku huu, miale kutoka anga inapita: fungua jedwali la Boulder, tazama G na S za leo, na uwajibu kwa picha ya jedwali hilo. Dhoruba ya sumaku haidhuru mtu aliyelala na simu mezani. Na stima ikipotea mtaani kwenu siku ya Kp 5, muulize fundi wa laini kwanza. Dhoruba iliyozima umeme wa watu milioni sita Quebec mwezi Machi 1989 ilikuwa ya kiwango kingine kabisa, tena karibu zaidi na ncha ya dunia kuliko sisi.

Na kama uko mahali ambapo mtandao haushiki, shamba liko bondeni na simu haina hata nguzo moja: tazama saa na mwezi. Anza kazi ya fiksi saa moja asubuhi, malizia na bikoni za pembeni kabisa kabla kivuli chako hakijawa kirefu kuliko fimbo ya rova, na ukiona floti imeng'ang'ania baada ya machweo, funga vifaa. Mwambie mwenye shamba mtarudi asubuhi.